Wafula wa Josho Gani?

Vijana wa chumba cha kompyuta, mmeniomba niwaandikie kurasa mbili za "mambo ya kutia moyo" kutoka miaka yangu ya kazi. Kurasa mbili hazinitoshi, na kuhusu kutia moyo siwezi kuahidi. Nimestaafu mwezi uliopita. Bado naamka mapema na kutafuta viatu vya ofisini, na bado nina hasira na watu wawili watatu, kwa hiyo ni afadhali niandike sasa kabla sijawa bibi mpole. Vyeo na mishahara sitavigusa. Anayetaka habari hizo aende kwa karani wa wafanyakazi, anazo zote na hupenda kuzitoa bila kuulizwa.

Nataka kusema juu ya kukosolewa. Anayehudumia mashine hukosolewa kila siku: ikienda vizuri hakuna anayemkumbuka, ikikwama anatajwa kwa jina. Wengi wenu hujibu kwa kununa. Wengine hukubali kila kitu ili mkubwa aondoke mlangoni. Nimejaribu njia zote mbili na sikupendezwa na hata moja.

Niliingia katika chama chetu cha ushirika cha wafugaji, pale Kitale, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu asiye na cheti katika shule moja karibu na Lugulu, mama wa watoto watatu, mwenye sauti ya kufika uwanjani bila kengele. Chumba cha kumbukumbu kilikuwa na makabati ya mbao yaliyojaa kadi. Kila ng'ombe wa mwanachama alikuwa na kadi yake: jina, rangi, mama yake, chanjo alizopata na fahali aliyemzaa.

Kwa ninyi mliokuta kila kitu kwenye skrini, nieleze kazi yenyewe. Chama kilikuwa kikipandisha ng'ombe kwa sindano. Ng'ombe akianza kulia na kurukia wenzake, mkulima alituma habari ofisini asubuhi hiyo hiyo. Sisi tulitafuta kadi yake ili asije akapewa mbegu ya baba yake mwenyewe, tukaandika karatasi, tukampa mpandishaji, naye akaondoka na gari saa tatu kamili kuzunguka majosho. Ng'ombe asiyekuwa kwenye karatasi aliachwa. Akiachwa leo, kesho joto lake limeisha, na mkulima anasubiri wiki tatu nyingine akimlisha ng'ombe asiye na mimba wala maziwa. Mengine yote nitakayosema yanatokana na hapo.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Ndiema, mtu wa upande wa mlima Elgon, mfupi, asiyevua koti la sufi hata mwezi wa pili. Siku ya kwanza alinipa rundo la kadi akasema, "Panga." Akaenda zake. Nikazipanga kwa alfabeti, kama rejista ya darasa, na nikajiona nimefanya kazi safi sana. Alirudi, akatazama, akafungua droo yake akatoa saa ya kupimia mbio, ile ya mwalimu wa michezo. Sikuwahi kujua aliipata wapi.

"Nitafutie ng'ombe ya Wafula," akasema, akabonyeza saa.

"Wafula gani, mzee?"

"Mimi najuaje? Aliyenituma amesema Wafula. Tafuta."

Nilipata akina Wafula saba. Nikaanza kusoma kadi moja moja. Nilipoinua macho, Ndiema alikuwa ameshavaa kofia.

"Mwalimu, gari imeenda," akasema.

Alinionyesha kabati la zamani. Kadi zilipangwa kwa josho. Kila mfugaji alikuwa na josho lake la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, na gari lilisimama hapo hapo. Mkulima mwenyewe haji ofisini mara nyingi. Anatuma jirani anayekwenda mjini, au fundi, au mtu wa baiskeli anayepita na mzigo wa vitunguu. Huyo aliyetumwa hajui nambari ya uanachama, kwa sababu kadi iko nyumbani ndani ya sanduku la bati. Jina la baba wa mkulima huenda pia halijui. Lakini josho analijua, maana hawezi kutumwa bila kuambiwa gari lisimame wapi.

Ndiema ndiye aliyenifundisha pia kubishana. Alikuwa akisema, "Mtu akikwambia uko pole pole, usimwambie uko mbio. Muulize pole pole ni dakika ngapi. Kama hajapima, huyo anapiga kelele tu. Kama amepima, nyamaza, na wewe upime." Nilifanya kazi chini yake miaka sita. Alipoondoka aliniachia ile saa ndani ya bahasha ya kaki, bila barua. Hakuwa mtu wa maneno.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilipelekwa Bungoma kusimamia ofisi ya kumbukumbu ya huko, vyumba viwili karibu na reli. Tulikuwa wanawake watano. Mdogo wetu, aliyejiunga mwisho kabisa, alikuwa Nanjala, msichana aliyetoka sekondari juzi, mwembamba, mwenye kuuliza maswali mpaka chai inapoa. Tulikuwa tukitafuta kadi haraka kuliko Kitale, na nasema hivyo kwa sababu nilipima.

Miaka ya tisini ilipoanza, seva zikaja. Mbili, za aina moja, kutoka kwa kampuni moja ya Nairobi: moja Kitale makao makuu, moja kwetu. Chumba chetu cha pili kiliwekewa pazia zito na feni, na amri ya kuvua viatu mlangoni. Kwa mwaka mzima tulihudumia wafugaji wa wilaya tukiwa na soksi. Mezani tuliwekewa kompyuta tatu zilizounganishwa na seva kwa waya mweusi uliopita juu ya dari. Makabati ya kadi yalipelekwa stoo. Programu mpya ilikuuliza kitu kimoja kati ya viwili: nambari ya mwanachama, au jina la ukoo.

Nyinyi mnaosoma hapa Bungoma mmeshacheka. Huku kwetu mtoto anapewa jina la majira. Aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula, au Nafula akiwa msichana. Wa njaa ni Wanjala, wa mavuno ni Wekesa, wa kiangazi ni Simiyu. Mvua hunyesha kila mwaka, na watoto huzaliwa kila mwaka. Huko Kitale mashamba yamejaa watu wa kila kabila, majina yametawanyika, na kila jina lina watu wachache tu. Kwetu ukiandika Wafula, seva inawaita wote, wa mjini na wa vijijini, walio hai na waliokwisha kuzikwa, na kuwapitisha mmoja mmoja kwenye ule waya mpaka mezani kwako. Ndipo wewe uanze kuchagua. Leo naliandika kwa mistari mitano. Wakati ule hatukulijua. Tulijua tu kwamba mashine ya Kitale inaruka na yetu inatambaa.

Gari likaanza kuondoka na karatasi nusu. Asubuhi moja mwendesha baiskeli alileta ujumbe wa Wafula wa josho la Myanga, na jina lake lilipojitokeza kwenye skrini gari lilikuwa limevuka reli. Siku ishirini na moja baadaye Wafula alikuja mwenyewe, ameloa jasho, akaegemea kaunta.

"Madam, ng'ombe imeria tena tangu alfajiri. Leo mtaniambia nini?"

"Tunatafuta, Mzee Wafula. Mashine inafikiri."

"Ati inafikiri? Mimi nafuga ng'ombe, bana, sifugi kompyuta. Ile siku ya makaratasi si mlikuwa mnanipata?"

Nilimtazama usoni na nikaona aibu. Siku hiyo alipata nafasi kwa sababu nilikimbia barabarani na kulisimamisha gari kwa mikono.

Kuanzia hapo nilitoa amri. Ikifika saa mbili na nusu, jina moja litafutwe na meza zote tatu kwa pamoja, na atakayempata kwanza apige kelele. Niliona ni akili nyingi. Tukikosa ng'ombe porini, si tunatoka wote kumtafuta? Nanjala alinyanyua mkono kama yuko darasani.

"Madam, mimi naona tukitafuta watatu inakuwa mbaya zaidi. Ni kama tunamvuta huyo Wafula mara tatu kwa waya moja."

"Nanjala, hapa tunafanya kazi, hatufanyi mtihani. Tafuta."

Akarudi kwenye kompyuta yake. Nawaandikia haya kwa kuwa mtaniona hapa mbele nikiwafokea wakubwa kwamba hawasikii, na ni haki mjue kwamba mimi mwenyewe sikumsikia huyu.

Malalamiko yalifika Kitale. Makao makuu yakamleta mtaalamu kutoka Nairobi, Bwana Muli, mtu mrefu, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyezungumza taratibu kana kwamba tunaandika imla. Alikaa kwetu asubuhi moja. Aliandika majina sita kwenye kompyuta, yote yakaja mara moja, akafunga mkoba. Majina hayo aliyatoa kichwani mwake, na hayakuwa ya kwetu. Wiki moja baadaye meneja wetu wa Kitale alinisomea ripoti kwa simu. Seva haina kosa. Makarani wa Bungoma ni wazito na hawajazoea teknolojia. Ofisi ya kumbukumbu ya Bungoma ifungwe na kazi zake zihamie Kitale.

Nilikaa chini. Ofisi ikihamia Kitale, mtu wa baiskeli wa Myanga angepeleka ujumbe wapi? Simu za huko wakati ule mnazijua. Mpaka habari ifike Kitale, itafutwe, irudi kwa mpandishaji Bungoma, jioni imeingia na ng'ombe ametulia. Wafugaji wetu wangeacha kupandisha kwa sindano na kurudi kwa fahali wa jirani mwenye kila ugonjwa. Na sisi watano tungekwenda nyumbani na sifa ya uzito.

Meneja alisema, "Kamati inakaa baada ya wiki mbili. Unaweza kuja kueleza. Lakini Mama, eleza kwa upole."

Nikatoa saa ya Ndiema. Wiki nzima nilipima, kabla wafugaji hawajafika. Nilipima jina la nadra kwa meza moja, halafu Wafula kwa meza moja, halafu Wafula kwa meza tatu. Nanjala aliandika. Hapakuhitajika hesabu ndefu. Jina la nadra lilikuja kabla sijainua kidole. Wafula alichukua muda wa mtu kwenda kununua mandazi. Wafula kwa meza tatu alichukua muda wa kuyala, na chai juu yake. Nilirudia mara nne nikitumaini nimekosea.

"Ulisema," nikamwambia Nanjala.

"Nilisema, Madam."

"Nilikufokea."

"Ndiyo. Mbele ya watu."

Nilimwomba radhi mbele ya watu hao hao. Alikubali, halafu akauliza, "Sasa Madam, kwa nini haituulizi josho kwanza? Ikijua ni Myanga, si italeta tu akina Wafula wa Myanga?" Nilimtazama. Miaka sita na Ndiema, makabati mazima ya kadi kwa josho, na mimi sikuwa nimeliona. Msichana huyu alikuja wakati makabati tayari yalikuwa njiani kwenda stoo.

Tulikwenda Kitale sote wawili. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, wanakamati tisa wengi wao wafugaji, meneja, na Bwana Muli mwenye karatasi zake zimepigwa chapa. Mwenyekiti alikuwa mzee wa kutoka mlimani, anayesinzia kwa jicho moja. Muli alikuwa ameleta kumbukumbu zetu za Bungoma kwenye utepe wa kompyuta na kuzipakia kwenye seva ya Kitale, ili kila mtu aone kwamba hazina tatizo. Kwa hilo nilimheshimu. Alikuja na mashine, hakuja na maneno matupu.

"Nitaandika jina langu mwenyewe," akasema, akaandika Muli. Skrini ikaleta mtu mmoja papo hapo, mwalimu wa kutoka Ukambani aliyefuga ng'ombe wawili upande wa Webuye. Wanakamati wakanong'ona kwa kuridhika. "Mnaona? Mashine ni nzima. Tatizo liko kwenye vidole."

Nikasimama. "Bwana Muli, andika Wafula."

"Mama, jina lolote ni jina. Kwa mashine ni sawa tu."

"Basi kama ni sawa, haikugharimu kitu. Andika Wafula."

Akaandika. Nikabonyeza saa na kuiweka mezani, uso juu, mahali ambapo mwenyekiti angeiona. Taa ndogo ya seva ikaanza kuwaka na kuzima. Muli akatabasamu. Taa ikaendelea. Muli akarekebisha tai. Mwanakamati mmoja akakohoa, mwingine akamimina chai, akaweka sukari, akakoroga. Mwenyekiti alifungua na lile jicho la pili.

"Imekufa?" akauliza.

"Hapana, mzee," nikasema. "Inaita akina Wafula. Bado hawajaisha kuingia."

Chumba kilicheka. Muli hakucheka, na sauti yake ya imla ikaondoka. "Kuna nambari ya mwanachama! Programu ilitengenezwa kwa nambari! Kama watu wako hawataki kutumia nambari, hilo si kosa la seva!"

"Nambari iko kwenye sanduku la bati kule Myanga. Aliyekuja ofisini ni mtu wa baiskeli. Ulipokaa kwetu asubuhi nzima, uliona hata mmoja akitaja nambari?"

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Ndiyo maana nimekuja na saa."

Meneja alikuwa akinikodolea macho na kushusha kiganja, chini, chini. Sikushuka. Ndipo Muli akatoa kisu chake. Alisema, na alisema kweli, kwamba siku aliyokuja aliona kwa macho yake meza tatu zikitafuta jina moja kwa wakati mmoja. "Hata seva ya uwanja wa ndege ingechoka. Nani alifundisha ujinga huu?"

Nanjala alitazama sakafu. Hapo ndipo mnapaswa kusikiliza vizuri, vijana. Kila kiungo mwilini mwangu kilitaka kukana.

"Ni mimi," nikasema. "Niliamuru mwenyewe, na huyu msichana alinikataza nikamfokea. Tumepima, ni kosa, na tumeacha tangu wiki iliyopita. Bwana Muli amesema kweli na ninamshukuru. Langu limekwisha. Sasa turudi kwa lako, maana taa bado inawaka."

Ilikuwa inawaka kweli. Mwenyekiti akauliza tunataka nini. Nikamsukuma Nanjala mbele. Alieleza kwa sauti ndogo: programu iulize josho kwanza, halafu jina. Seva ilete watu wa josho hilo tu, iache wengine walale. Muli alisema jambo hilo ni la kizamani, ni kurudi kwenye makabati. Mwenyekiti akamuuliza kama linawezekana. Muli akakunja karatasi zake, akasema linawezekana. Alikuwa mtu wa kazi, hakuweza kudanganya kuhusu mashine.

"Basi mtapewa siku ishirini na moja," mwenyekiti akasema. "Ng'ombe akikosa leo, tutamwona tena siku hiyo. Gari ikimwacha hata mmoja kwa sababu ya mashine, tunafunga Bungoma. Tumemaliza."

Muli alikuja kwetu, akavua viatu, akaifanya kazi kwa siku mbili bila kusema zaidi ya habari ya asubuhi. Aliifanya vizuri. Siku ya kwanza ya majaribio nilikuwa mlangoni tangu saa moja. Watu wa baiskeli walianza kufika. "Ya Wekesa, josho ya Myanga!" "Ya Nafula, ile ya mtoni!" Nanjala alikuwa mezani. Aliandika josho, aliandika jina, na skrini ikaleta watu wanne. Wanne tu! Nilipiga makofi kama mtoto, na sioni haya kusema hivyo. Gari liliondoka saa tatu kamili, karatasi imejaa, na halikumwacha mtu. Siku ya ishirini na moja ilipofika bado halijamwacha mtu. Ofisi ya Bungoma haikufungwa, na ndiyo hiyo hiyo mnayokalia leo, ingawa mmeruhusiwa viatu.

Mwezi uliofuata ripoti ya mwisho ikaletwa kwa posta. Nilimsomea Nanjala kwa sauti, tukiwa tumesimama. Ilisema kwamba baada ya uchunguzi wa kina, mtaalamu aligundua njia bora ya kupanga kumbukumbu kwa majosho, na kwamba mafanikio yalipatikana licha ya makarani wa Bungoma kupinga mabadiliko.

"Ati aligundua," Nanjala akasema. Macho yake yalijaa machozi. "Si mimi nilisema? Si walinisikia wote?"

"Walikusikia."

"Sasa?"

Nilichukua kalamu ya wino. Kwenye nakala ya faili, ile yenye mhuri wa chama, nilipiga mstari juu ya neno mtaalamu na nikaandika pembeni jina lake kamili, Nanjala, karani wa kumbukumbu, Bungoma. Chini yake niliandika kwamba makarani wa Bungoma hawakupinga mabadiliko, walipinga kusingiziwa. Nikatia sahihi, nikaweka tarehe, nikagonga mhuri, na nikatuma nakala yake Kitale kwa njia ya kawaida ili isajiliwe.

Meneja alikuja mwenyewe, kwa gari. Alifunga mlango. Alisema nimeharibu hati ya chama, nimemvunjia mtaalamu heshima, na kwamba Nairobi wamekasirika. Alitaka mambo mawili: nifute maandishi yale, na nimwandikie Bwana Muli barua ya kuomba radhi. Nisipofanya hivyo, nisitegemee kuinuka kutoka kwenye kiti kile. Nilimwambia kiti ni kizuri, kinatazama barabara.

Barua niliandika siku hiyo hiyo, akiwa amekaa akinisubiri. Niliandika kwamba niliamuru meza tatu kutafuta jina moja, kwamba lilikuwa kosa, na kwamba nawaomba radhi wafugaji walioachwa na gari kwa ajili yake, nikawataja kwa majina na majosho yao. Meneja aliisoma mpaka chini, akageuza karatasi kutazama nyuma.

"Hapa hujamwomba Bwana Muli radhi popote."

"Sikumkosea popote."

"Na ile ya kwenye faili?"

"Nitaifuta siku itakapokuwa si kweli."

Aliondoka bila kunywa chai. Kiti hicho nilikikalia mpaka mwezi uliopita. Siku ya mwisho, kabla ya kukabidhi funguo, nilifungua faili na kusoma tena yale maandishi ya pembeni. Nanjala sasa ndiye anayesimamia chumba hicho, mnamjua kwa ukali wake. Alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma juu ya bega langu, na alipofika kwenye jina lake akasema, "Madam, wino bado mweusi," akalirudisha faili kabatini na kulifunga kwa ufunguo wake mwenyewe.